Umri wa Skrubu: Ndege Ndogo, Vipuri vya Injini na Mlango wa Mahakama



Nitaanza na kabureta.

Mwezi Julai 2005 ndege ya injini moja, Cessna 172N, iliruka kutoka kiwanja kidogo cha Brevard, katika milima ya North Carolina, Marekani. Haikufika mbali. Ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, na rubani akafa. Miaka miwili baadaye mjane wake alifungua kesi. Hakulalamikia bawa wala hali ya hewa. Alilalamikia skrubu zinazounganisha nusu mbili za kabureta: ya juu, yenye kipepeo kinachoongoza hewa, na ya chini, yenye bakuli la mafuta na boya lake. Chini ya kichwa cha skrubu huwekwa washa yenye ulimi, na fundi huukunja ulimi ule ili skrubu isijifungue. Mjane alisema muundo huo hautoshi. Injini ya silinda nne hutetema muda wote inapofanya kazi. Mtetemo hulegeza skrubu, nusu mbili za kabureta huachana kwa upana wa unywele, mafuta huvuja, na injini hukosa mchanganyiko inaouhitaji wakati ule ule rubani anapoutegemea zaidi, yaani wakati wa kupanda.

Sasa sikilizeni umri wa vitu vilivyokuwa ndani ya ajali hiyo. Injini, Lycoming O-320, ilitengenezwa mwaka 1969. Ilifungwa kwenye ndege hiyo mwaka 1998. Mwaka 2004 ilifumuliwa na kuundwa upya, kazi ambayo mafundi wetu huiita ovahoo, ikawekewa kabureta iliyofanyiwa ukarabati katika karakana ya kampuni nyingine kabisa. Mwaka uliofuata ndege ikaanguka. Nawauliza: injini ile ilikuwa na umri gani? Miaka 36? Miaka 7? Au mwaka mmoja?

Swali hilo ndilo lililonileta hapa. Sheria hupenda kuipa ndege siku moja ya kuzaliwa. Fundi anajua kwamba kila kipuri kina siku yake. Ninaamini kwamba katika pengo lililo kati ya kalenda hizo mbili ndimo watu wanamofia, na ndimo ukweli unamopotelea. Na sisi tunaorusha ndege zilizotengenezwa ng'ambo tumesimama katikati ya pengo hilo.

Wanafunzi wa sheria mnaijua historia, lakini mafundi wamekuja na nisingependa waachwe nyuma. Zamani mtu aliyeumizwa na bidhaa mbovu aliweza kumdai yule tu aliyemuuzia mkononi. Kiwanda kilijificha nyuma ya muuzaji. Mwaka 1916 Mahakama ya Rufaa ya New York, kwa kalamu ya Jaji Benjamin Cardozo, iliuvunja ukuta huo katika kesi ya MacPherson dhidi ya kampuni ya magari ya Buick. Kilichovunjika kwenye gari lile kilikuwa gurudumu lenye njiti za mbao. Buick hawakulitengeneza gurudumu hilo. Walilinunua kwa mtengenezaji mwingine wakalifunga kwenye gari lao. Mahakama ikasema: wewe uliyeunda kitu kizima ulipaswa kukikagua, na jukumu lako halikomi kwa yule aliyekulipa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza elimu hii ya dhima ya bidhaa ilikuwa elimu ya vipuri.

Mwaka 1963 hatua nyingine mbili zilipigwa. Mahakama Kuu ya California, katika kesi iliyohusu mashine ya karakana ya useremala, ilisema kwamba mtengenezaji anawajibika kwa kasoro ya bidhaa yake hata kama mdai hawezi kuonyesha uzembe wowote: bidhaa ilikuwa na kasoro, kasoro ikaumiza, basi. Mwaka huo huo New York iliamua kesi ya ndege. Lockheed Electra ya American Airlines ilikuwa imeanguka ikikaribia kutua LaGuardia mwezi Februari 1959, na watu 65 wakafa. Altimita, ile saa inayomwambia rubani yuko juu kiasi gani, ndiyo iliyolaumiwa. Mahakama ilimbebesha dhima aliyeunda ndege, ikamwacha nje aliyetengeneza altimita, ikiona kwamba kwa wakati ule haikuwa lazima kwenda mbali zaidi ya mwunda ndege. Baadaye mahakama nyingi zilienda mbali zaidi, na leo mtengenezaji wa kipuri hushitakiwa bega kwa bega na aliyeunda ndege.

Kwa ndege kubwa mfumo huo ulimezeka. Ndege ndogo zilikuwa na tatizo lao, nalo ni kwamba hazifi. Gari la mwaka 1950 limo katika jumba la makumbusho. Ndege ya mwaka 1950, ikitunzwa, inaruka kesho asubuhi. Kiwanda kilichouza ndege zamani hizo bado kilibeba dhima ya kila moja iliyobaki angani, pamoja na kila tendo la kila fundi aliyeigusa tangu hapo. Mwaka 1978 viwanda vya Marekani vilipeleka sokoni ndege 17,811 za aina hii ya matumizi ya jumla. Mwaka 1994 vilipeleka 928. Cessna ilisimamisha utengenezaji wa ndege za injini za pistoni mwaka 1986. Piper iliomba kinga ya mufilisi mwaka 1991. Viwanda vilisema sababu ni moja, kesi na gharama ya bima iliyozaliwa na kesi hizo. Sikubali kwamba ilikuwa moja. Bei ya mafuta, riba ya mikopo na wingi wa ndege nzuri zilizokwishatumika vilikuwa na sehemu yake. Lakini anayesema kesi hazikuwa na uzito wowote naye hajasoma hesabu za miaka ile.

Bunge la Marekani lilijibu kwa sheria ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini tarehe 17 Agosti 1994, sheria ya kuhuisha usafiri wa ndege ndogo, inayojulikana kwa herufi zake GARA. Inahusu ndege zenye viti visivyofikia 20 ambazo wakati wa ajali hazikuwa katika safari za ratiba za abiria. Kiini chake ni miaka 18. Ikipita tangu ndege ikabidhiwe kwa mnunuzi wake wa kwanza, au kwa wakala wa kuziuza, mtengenezaji hashitakiwi tena. Huu si muda wa kufungua kesi kama mlivyozoea, unaoanza kuhesabiwa siku mtu alipoumia. Saa hii huanza kwenda kabla hujapanda ndege, pengine kabla hujazaliwa. Waweza kufa leo asubuhi na haki ya wanao ya kudai iwe ilikwisha miaka kumi iliyopita.

Ahadi iliyoambatana na sheria ilitimizwa, na viwanda vipewe haki yao. Cessna ilijenga kiwanda kipya mjini Independence, Kansas, na mwaka 1996 ikaanza tena kutengeneza ndege za pistoni. Cessna 172 mpya mnazoziona kwenye vyuo vya urubani zinatoka katika uzazi huo wa pili.

Lakini waliotunga sheria walijua, angalau kwa nusu, kile fundi anachokijua. Waliandika kifungu kinachosema kwamba kipuri kipya kikiwekwa mahali pa cha zamani, na kipuri hicho ndicho kinachodaiwa kuleta ajali, basi kwa kipuri hicho miaka 18 inaanza upya siku kilipofungwa. Ndege inabaki mzee, kipuri chake ni mtoto. Nawaomba mkiangalie kifungu hicho kwa makini, kwa sababu hapo ndipo logibuku ya injini, lile daftari lenye mafuta ya vidole, linapogeuka kuwa ushahidi wa kufa na kupona. Iliandikwa kwamba kabureta "imebadilishwa", au "imekarabatiwa"? Ikibadilishwa, ilikuwa mpya kutoka kiwandani, au ilitolewa kwenye injini nyingine na kusafishwa? Mahakama nyingi zimekataa kuiona kazi ya ovahoo kuwa kipuri kipya. Neno moja la fundi, lililoandikwa jioni akiwa amechoka, linaweza kufungua mlango wa mahakama au kuufunga.

Kuna kesi ya rufaa ya mwaka 2000, ya helikopta ya Enstrom, ambayo huwasomea wanafunzi wangu kila mwaka. Mafuta ya mwisho kwenye tangi lake hayakuweza kufika kwenye injini wakati wa kuruka, na kitabu cha rubani hakikumwonya mtu. Swali likawa: kitabu ni kipuri? Mahakama ilijibu ndiyo. Kitabu ambacho mtengenezaji analazimishwa kukitoa ni sehemu ya ndege kama bawa lilivyo sehemu ya ndege, na kurasa zake zikibadilishwa saa yake inaweza kuanza upya. Sijui kauli nyingine ya mahakama inayoheshimu karatasi kiasi hicho.

Sheria ilibakiza na milango mingine. Mtu aliyekuwa chini, hayumo ndegeni, ndege ikamwangukia: miaka 18 haimhusu. Mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali kwa dharura: haimhusu. Mwenye dhamana ya maandishi: haimhusu. Na wa nne, mzito kuliko yote: ikiwa mtengenezaji aliidanganya mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, kwa kujua, au aliificha taarifa aliyotakiwa kuitoa, na taarifa hiyo inahusiana na madhara yaliyotokea, basi kinga inaanguka. Lakini mdai lazima aeleze udanganyifu huo waziwazi tangu hati yake ya kwanza ya madai. Hapo ndipo ninapogombana na sheria hii, nami nagombana kwa moyo wote. Unamtaka mjane aeleze kilichofichwa kabla hajaruhusiwa kufungua kabati kilimofichwa.

Msiniambie kwamba wachunguzi wa ajali watamfungulia. Wachunguzi wa Marekani, bodi ya NTSB, wanafanya kazi ambayo dunia nzima inaiiga, na ninaiheshimu. Ila utaratibu wao unawakaribisha watengenezaji wa ndege, wa injini na wa vipuri kuwa washiriki wa uchunguzi, kwa sababu wao ndio wenye wataalamu, wakati wanasheria wa familia za marehemu hawaruhusiwi kuingia. Na kwa sheria ya nchi hiyo, hitimisho la bodi kuhusu chanzo cha ajali halipokelewi kama ushahidi katika kesi ya madai. Vipimo, picha na taarifa za mambo yaliyoonekana vinaweza kupokelewa. Uamuzi wa bodi, hapana. Watu wengi hushangaa wakisikia hivyo. Mimi nauona kuwa utaratibu wa busara, nami nitawaonyesha sababu kwa kisa cha gavana.

Usiku wa tarehe 16 Oktoba 2000, Gavana wa Missouri, Mel Carnahan, aliyekuwa akigombea useneta, alikuwa akisafiri kwenda kwenye mkutano wa kampeni katika ndege ya injini mbili, Cessna 335, iliyorushwa na mwanawe. Palikuwa na mvua na mawingu. Ndege ikaanguka, wote watatu waliokuwemo wakafa. Wiki chache baadaye wapiga kura walimchagua marehemu, na mjane wake akateuliwa kukaa kwenye kiti chake cha Seneti.

Kabla ya ajali rubani alikuwa amewaambia waongoza ndege kwamba geji yake kuu ya upeo, ile inayoonyesha kama mabawa yamelala sawa, ina matatizo. Mafundi mnajua kilicho nyuma ya geji hiyo. Ndani yake kuna pia inayozunguka kwa hewa, na hewa hiyo hufyonzwa na pampu inayoendeshwa na injini. Pampu za wakati ule zilikuwa kavu: pasi tone la oili, zenye mapezi ya kaboni yanayoteleza katika rota ya kaboni, yakijilainisha kwa unga wake yenyewe. Pampu ya namna hiyo haikohoi kabla ya kufa. Inalika polepole bila mtu kuona, kisha siku moja inapasuka vipande na geji ya rubani inaanza kulala upande, kama pia ya mtoto inapoishiwa na mwendo. Usiku, ndani ya wingu, rubani anayeifuata geji hiyo anaipeleka ndege ardhini huku akiamini anairudisha sawa.

Mwaka 2002 NTSB ilihitimisha kwamba rubani alishindwa kuimudu ndege kwa sababu ya kupotewa na mwelekeo, na kwamba kuharibika kwa geji kuu na hali mbaya ya hewa vilichangia. Familia iliishitaki Parker Hannifin, watengenezaji wa pampu. Mwaka 2005 jopo la raia mjini Kansas City (huku kwetu kesi za madai hatuzipeleki mbele ya jopo la raia) liliipa familia fidia ya dola milioni 4. Kwa hiyo usiku mmoja umetoa majibu mawili. Wapo wanaosema hilo linathibitisha kwamba mahakama huhurumia wajane na haijui injini. Mimi sioni hivyo. Bodi iliulizwa nini kifanyike ajali ya namna hii isirudi. Jopo liliulizwa nani abebe hasara ya hii iliyokwisha tokea. Maswali mawili, na ushahidi uliopimwa kwa mizani mbili. Kama jibu la bodi lingekuwa hukumu, kila mtengenezaji angeingia kwenye uchunguzi na wakili ubavuni, na wachunguzi wasingeambiwa neno la kweli tena.

Thamani kubwa ya kesi, basi, sioni kuwa ni fedha. Ni ile hatua ambayo kila upande hulazimishwa kutoa nyaraka zake: barua za ndani, michoro, matokeo ya vipimo, malalamiko ya wateja. Kisa kinachonionyesha hilo vizuri hakikuletwa na mjane.

Kati ya mwaka 2000 na 2002 injini kubwa za Lycoming zenye tabo, aina ya TIO-540, zilianza kuvunjika krenki. Krenki, kwa wasiojua, ni mhimili uliopindwapindwa unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko wa propela. Ukivunjika hakuna cha kutengeneza angani. Propela inasimama na rubani anatafuta shamba la kutua. FAA ilitoa maagizo ya dharura, na krenki zikaitwa zirudi. Lycoming ilimlaumu mfuaji vyuma wake, Interstate Southwest wa Navasota, Texas, ikisema alikichoma chuma kupita kiasi wakati wa kukifua. Mfuaji hakukubali kubeba lawama peke yake. Alikwenda mahakamani, nyaraka zikatolewa, wataalamu wa metali wakakata krenki na kuzitazama kwa hadubini, na mwaka 2005 jopo la raia wa wilaya ya Grimes likaona kwamba chanzo hakikuwa moto wa mfuaji bali uamuzi wa mwenye injini juu ya muundo, ukiwemo uamuzi wa kuongeza vanadiamu kwenye chuma. Upande wa fedha wa hukumu ile uliendelea kubishaniwa katika rufaa, na sina haja nao hapa. Ninachotaka mkione ni hiki: mwenye karakana ya kufulia chuma, aliyekuwa akilinda jina lake, ndiye aliyetufanya tujue kwamba kasoro inaweza kukaa katika mchoro na si katika nyundo. Na tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Kama kosa ni la nyundo, unatafuta krenki zilizofuliwa vibaya. Kama kosa ni la mchoro, unazitafuta zote.

Turudi Brevard. Watengenezaji walikuwa na hoja ya mwisho, nayo ni hoja ya maana. Walisema: injini hii ina cheti cha FAA. Serikali iliupitia mchoro, ikaukubali, na hatukuruhusiwa kubadilisha hata washa bila idhini yake. Iweje raia wa wilaya fulani waje kusema mchoro ule ule ni kasoro? Mahakama ya kwanza ilikubaliana nao mwaka 2014. Mwezi Aprili 2016 mahakama ya rufaa ya mkoa wa tatu, Philadelphia, ilikataa: cheti cha FAA ni kiwango cha chini, hakifuti sheria ya jimbo inayomtaka mtengenezaji atengeneze kitu salama. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa. Mwaka 2018, kesi iliporudi kwa njia nyingine, mahakama ile ile ya rufaa ilisema tena: mtengenezaji hawezi kujificha nyuma ya hitaji la idhini isipokuwa akionyesha wazi kwamba angeomba mabadiliko na angekataliwa. Miaka 11 tangu kesi ifunguliwe, mabishano bado yalikuwa juu ya kama mama yule ana haki ya kusikilizwa.

Ninaunga mkono uamuzi huo bila kigugumizi. Mkaguzi wa serikali huiona injini siku ya cheti. Mwenye kiwanda huiona miaka 50 mfululizo: barua za mafundi zinamfikia yeye, vipuri vilivyovunjika vinarudi kwake. Sheria ya Marekani yenyewe inamtaka atoe taarifa ya hitilafu kubwa kwa FAA ndani ya saa 24. Anayejua zaidi ndiye anayepaswa kubeba zaidi.

Sasa sisi. Nenda Wilson, Nairobi, au viwanja vya Arusha, Zanzibar na Pemba. Nenda kwenye viwanja vya majani mbugani. Ndege zinazopeleka watalii, dawa, wagonjwa na maiti zinatoka Kansas na Florida, na injini zake zinatoka Pennsylvania, Alabama na Kanada. Krenki ni zile zile, kabureta ni zile zile. Je, tukifa ndani yake, mlango ule wa mahakama uko wazi kwetu?

Jibu limo katika ajali iliyotokea Scotland mwezi Julai 1976. Piper Aztec iliyokodiwa kutoka Blackpool kwenda Perth ilianguka milimani. Rubani na abiria watano wakafa, wote watu wa Scotland. Ndege ilitengenezwa Pennsylvania, propela zake Ohio. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa Uingereza ilidokeza hitilafu ya mitambo. Bodi iliyoipitia baadaye haikuona ushahidi wa kifaa kibovu. Kesi ya familia za abiria ilifunguliwa Marekani, na hati zilikiri waziwazi kwamba huko sheria ya dhima inawafaa zaidi kuliko ya kwao. Mwezi Desemba 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Piper dhidi ya Reyno, iliamua kwamba kesi iende Scotland. Kwamba sheria ya nyumbani ni finyu zaidi, ilisema, si sababu yenye uzito mkubwa. Na uchaguzi wa mgeni anayekuja kushitaki Marekani haupewi heshima anayopewa raia.

Kwa familia ya Singida au ya Kitui hukumu hiyo ndiyo ukuta wa kwanza. Wakili wa kiwanda atasema: ajali ilitokea Tanzania, fundi ni wa Tanzania, mashahidi wako Tanzania, nendeni Tanzania. Na huku tuna sheria. Tulirithi kanuni za Uingereza, Tanganyika kuanzia Julai 1920, Kenya kuanzia Agosti 1897, na mahakama zetu zimeipokea na ile kanuni ya mwaka 1932, ya konokono ndani ya chupa, kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mtumiaji wa mwisho. Lakini kwa njia hiyo uzembe unathibitishwa na mdai, na nyaraka zinazouthibitisha ziko ng'ambo ya bahari, mikononi mwa kampuni ambayo pengine haina hata ofisi hapa. Sijakata tamaa na mahakama zetu. Ninawaambieni tu kwamba atakayefika kwao mikono mitupu ataondoka mikono mitupu.

Ndiyo maana nimewaomba mafundi waje. Ushahidi pekee tunaoumiliki sisi wenyewe ni ule mnaouandika ninyi. Kipuri kikija na karatasi yake ya kuachiliwa, ile ya FAA yenye namba 8130-3 au ya Ulaya iliyo sawa nayo, msiitupe ndani ya katoni. Andikeni namba ya kipuri na namba yake ya mfuatano, si jina tu. Andikeni saa za injini siku mlipokifunga. Mwenye injini ya O-320 anajua mtengenezaji anashauri ovahoo baada ya saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Mkiwa mmevuka, andikeni kwamba mmevuka, na nani aliamua. Msiandike "imebadilishwa" mahali mlipokarabati. Nimeona logibuku, sitasema za nani, zenye neno moja tu kwa kazi ya siku tatu: "sawa". Mtu alikufa katika mojawapo ya ndege hizo, na neno hilo halikumsaidia mkewe wala halikumsaidia fundi aliyeliandika, ambaye mimi naamini alifanya kazi yake vizuri na hakuwa na njia ya kuthibitisha.

Na kipuri kikivunjika, kiacheni kama kilivyo. Msikisugue kwa petroli, msijaribu kuunganisha nusu zake mbili kuona kama zinakutana, maana mkizigusanisha mnafuta maandishi yake. Chuma kilichochoka hakivunjiki kwa siku moja. Ufa huanzia mahali padogo, hutembea, hupumzika, hutembea tena.

Mzee mmoja aliyenifundisha haya, fundi wa injini za pistoni kwa zaidi ya miaka 30, aliwahi kuniwekea mezani kipande cha krenki kilichovunjika. Kilikuwa kimefungwa ndani ya gazeti na plastiki. Alikigeuzia kwenye mwanga wa dirisha, nami nikaona mistari iliyopindana, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile inayobaki mchangani maji ya bahari yanapokupwa. "Huu wa kwanza," akasema, akionyesha bila kugusa, "ulianza zamani sana, wakati injini hii ingali kwa mwenyewe wa kwanza." Hakuna aliyewahi kumwomba kipande kile, wala wakili wala mkaguzi. Alikifunga tena, akaandika upya kwenye kibandiko namba ya injini, saa zake na tarehe, kwa sababu wino wa zamani ulikuwa umeanza kufifia, akakirudisha kwenye rafu.